Lotte Reiniger na filamu za mkasi

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anayesimamia klabu ya sanaa, ameandika hivi: "Mwenzangu ofisini ameshikilia kwamba katuni ndefu ya kwanza duniani ni Snow White ya Walt Disney. Mimi niliwahi kusikia kwamba kabla yake kulikuwa na filamu ya mwanamke wa Kijerumani aliyetumia mkasi na karatasi tu. Ni nani huyo? Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, filamu zake zinawafaa watoto wa darasa la nne?"

Mwalimu, umesikia sawasawa. Huyo ni Lotte Reiniger, na filamu unayoisemea ni Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani visa vya Mwanamfalme Achmed, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 2 Mei 1926. Snow White ilizinduliwa Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937. Hapo mwenzako kaachwa nyuma kwa miaka kumi na moja na ushei.

Ila usitambe kwanza. Mwaka 1917, huko Argentina, mchoraji Quirino Cristiani alitoa El Apóstol, filamu ndefu ya kumkejeli rais wa wakati huo, Hipólito Yrigoyen. Naye alitumia vipande vya kadibodi vilivyokatwa. Nakala ziliteketea kwa moto, na leo hakuna anayeweza kuitazama. Kwa hiyo kauli isiyopingika ni kwamba filamu ya Reiniger ndiyo katuni ndefu kongwe kuliko zote zilizobaki. Iseme hivyo, mwenzako hatapata pa kushika.

Lakini nisingependa ubishi wenu uishie kwenye tarehe. Hata angekuwa wa tano au wa kumi, bado ningekuhimiza umtazame. Vikaragosi vyake ni vyeusi tii: havina macho ya kuzungusha, havina mdomo wa kucheka wala machozi. Na bado mtoto anayeketi mbele ya skrini anajua nani ana hofu, nani anapenda, nani anapanga hila. Yote hayo yanasemwa na shingo, kiwiko, mgongo na vidole. Katika fani hii yetu ya uhuishaji sijamwona mwingine aliyefanya makubwa namna hiyo kwa vitu vichache kiasi kile.

Alizaliwa tarehe 2 Juni 1899 huko Charlottenburg, mji ambao baadaye ulimezwa na Berlin. Tangu utotoni alikuwa na mkasi mkononi. Alikata sura za watu na wanyama, akajitengenezea jukwaa dogo la vivuli nyumbani, akawaonyesha jamaa zake tamthilia za Shakespeare. Mwaka 1915 alimsikiliza mwigizaji na mwongozaji Paul Wegener akihutubia kuhusu maajabu ambayo kamera ya sinema inaweza kufanya, na tangu siku hiyo hakutaka kingine. Aliwabembeleza wazazi wake hadi wakamruhusu kujiunga na shule ya uigizaji ya Max Reinhardt, kwa sababu huko ndiko alikokuwa Wegener.

Mwanafunzi mdogo nani atamtazama? Akawa anakaa pembeni ya jukwaa na kuwakata waigizaji wakiwa kazini, kila mmoja katika mkao wake. Waigizaji wanapenda kuonwa, na picha zile ziliwafurahisha. Wegener akamwona. Mwaka 1918 alipotengeneza filamu ya mpiga zumari wa Hameln, alimpa Reiniger kazi ya kukata vivuli vya kupambia maandishi ya filamu. Ndani ya filamu hiyo panya walitakiwa kumfuata mpiga zumari barabarani, na panya halisi hawaongozwi na mtu. Ikabidi wachongwe wa mbao na kusogezwa kidogo kidogo, picha baada ya picha, na Reiniger alikuwa miongoni mwa waliowasogeza. Huo ndio ulikuwa mwanzo wake katika uhuishaji.

Kupitia Wegener alifika kwenye taasisi ndogo ya filamu za elimu mjini Berlin, na mwaka 1919 akatoa filamu yake fupi ya kwanza. Hapo alikutana na Carl Koch. Walioana mwaka 1921, na tangu hapo hadi Koch alipofariki mwaka 1963 walikuwa kama karakana ya watu wawili: mke anakata na kusogeza, mume anashika kamera na kuendesha utayarishaji. Watu wengi wakimsimulia Reiniger humsahau Koch, na hilo si haki. Mahesabu ya kila tukio, taa, hesabu ya picha, mikataba, vyote vilimhitaji mtu mtulivu, na Reiniger mwenyewe hakuacha kumtaja.

Sasa tufike kwenye filamu yenyewe, maana ndipo utamu ulipo.

Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani iliporomoka vibaya. Kufika Novemba, dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2. Mtu mwenye pesa alitafuta kitu chochote cha kununua kabla hazijageuka makaratasi. Mwenye benki mmoja wa Potsdam, mji wa jirani na Berlin, aliyeitwa Louis Hagen, yeye alinunua shehena ya filamu mbichi, yaani ambazo hazijapigwa picha, akiamini itatunza thamani. Alikuwa ameona kazi za Reiniger. Akamuuliza kama anaweza kutengeneza filamu ndefu kwa shehena hiyo. Wakati huo katuni ilikuwa kichekesho cha dakika chache tu, na wenye sinema hawakutaka kusikia kingine. Reiniger alikuwa na miaka ishirini na kidogo. Akakubali.

Hagen aliwapa chumba juu ya gereji nyumbani kwake, karibu na bustani ya mboga. Paa lilikuwa chini mno. Kamera ilitakiwa ining'inie juu ikitazama chini, na ili kupata umbali wa kutosha, meza ya kupigia picha ilibidi iwe karibu na sakafu. Reiniger alifanya kazi akiwa amejikunja juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu. Miaka mitatu alikaa hivyo, kuanzia 1923 hadi 1926.

Meza yenyewe ilikuwa kipande cha kioo chenye taa chini yake. Juu ya kioo aliweka karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga. Akitaka anga iwe nyepesi na mlima uwe mzito, aliongeza tabaka za karatasi mahali pa mlima, giza likaongezeka. Juu ya hizo aliwalaza vikaragosi. Kila kikaragosi kilikatwa vipande vipande: kichwa, shingo, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, paja, goko. Vipande vilikuwa vya kadibodi nyeusi na bati jembamba la risasi, vikaunganishwa kwa waya mwembamba kwenye kila kiungo. Risasi ni nzito na laini, kwa hiyo kikaragosi hulala chapa kwenye kioo na hubaki pale kilipoachwa, hakipeperuki mtu akipumua. Kwa picha za karibu kikaragosi kidogo hakikutosha. Alikata kichwa na mabega upya kwa ukubwa, na mandhari yake pia.

Kisha kazi inaanza: sogeza kidole kidogo, piga picha, sogeza tena, piga. Sekunde moja ya filamu hula picha zipatazo 24. Inasimuliwa kwamba walipiga picha kama 250,000, na zilizoingia kwenye filamu ni kama 96,000, dakika zipatazo 65 za mwendo. Na ukimtazama akikata, maana katika uzee wake alirekodiwa akifanya kazi, utaona jambo la kushangaza: mkasi unatulia mahali pamoja mkononi, karatasi ndiyo inayozunguka. Wanafunzi wako wakijaribu namna hiyo wataona mistari yao inanyooka papo hapo.

Hakuwa peke yake gerejini. Walter Ruttmann, msanii wa filamu za maumbo matupu yasiyo na hadithi, alitengeneza moto, moshi na mapambano ya kichawi. Berthold Bartosch alitengeneza bahari, mawimbi juu ya mawimbi ya karatasi laini. Ili vitu vya mbele na vya nyuma viende kwa mwendo tofauti, walipanga vioo ngazi kwa ngazi chini ya kamera moja. Miaka zaidi ya kumi baadaye studio ya Disney ilisifiwa kwa kamera yake kubwa ya tabaka nyingi. Fikra yenyewe ilikuwa imeshafanya kazi Potsdam, juu ya gereji. Wolfgang Zeller alitunga muziki wa filamu nzima, na kuna mahali Reiniger alisogeza vikaragosi kwa kuhesabu mapigo ya muziki huo.

Ruttmann alikuwa mtu wa siasa na wa nyakati mpya, na Reiniger amesimulia kwamba mwenzake huyo aliwahi kumuuliza hadithi kama hii inahusiana vipi na mwaka 1923, nchi ikiwa na njaa na ghasia. Alimjibu kwamba haihusiani, ila yeye yuko hai sasa na nafasi ameipata sasa. Mimi nalipenda jibu hilo. Kuna watu wanaodhani kazi ya watoto na familia ni ya kungojea mambo yatulie kwanza. Yangengojewa yatulie Ujerumani ya miaka ile, filamu hii isingekuwepo.

Hadithi utaitambua mara moja, kwani imetolewa kwenye Alfu Lela Ulela, visa ambavyo pwani yetu imevisimulia vizazi na vizazi. Mchawi anamletea Khalifa farasi arukaye na badala yake anamtaka binti wa Khalifa. Achmed, kaka wa binti huyo, anampanda farasi bila kujua anashukaje. Anapotua yuko visiwa vya Wakwak, mbele ya Pari Banu mwenye vazi la manyoya. Tokea hapo kuna China, majini, mlima wa moto, taa ya Aladini. Jina la Wakwak linatugusa hata sisi: Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliitaja Wakwak pamoja na nchi ya Wazanji na Sofala, upande huu wetu wa bahari.

Tukio moja tazama mara mbili. Mwanamke mchawi wa mlima wa moto anapambana na mchawi mwovu kwa kugeuka-geuka: huyu simba, yule nyoka, huyu nge, yule jogoo. Kivuli kimoja kinayeyuka na kingine kinachomoza bila mshono kuonekana. Leo kompyuta inafanya hayo kwa kubonyeza. Yeye alilazimika kukata kila hatua ya katikati, kiumbe ambacho bado ni simba nusu na tayari ni kitu kingine nusu, kikae kwenye skrini chini ya sekunde moja kisha kisionekane tena.

Wenye majumba ya sinema waliiogopa. Onyesho la kwanza, jukwaani Volksbühne, waliliandaa wenyewe kwa kualika watu na waandishi wa habari. Ukumbi ulishangilia, lakini wasambazaji hawakuja. Ilibidi filamu iende Paris mwezi Julai mwaka huo, ikasifiwa huko, ndipo Berlin ikafungua milango. Mwongozaji Jean Renoir akawa rafiki yao wa maisha.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Mwaka 1928 alitoa filamu za Daktari Dolittle, mganga wa wanyama anayesafiri hadi Afrika kutibu nyani. Filamu ya waigizaji aliyoshiriki kuiongoza iliangukia kwenye ujio wa sinema ya sauti na haikufika mbali. Mwaka 1933 Wanazi walishika nchi. Yeye na Koch walikuwa na marafiki wengi Wayahudi na misimamo ya mrengo wa kushoto, wakataka kuondoka, lakini hakuna nchi iliyowapa kibali cha kuishi moja kwa moja. Wakawa watu wa kuhama: Ufaransa, Uingereza, Italia, viza ikiisha wanasogea. Hata katika hali hiyo alitoa Carmen mwaka 1933 na Papageno mwaka 1935, filamu fupi za muziki ambazo kwangu mimi ndizo kilele cha ustadi wake wa mwendo. Ndege wa Papageno wanaruka kama waliovuta pumzi. Huko Uingereza aliwatengenezea watu wa posta filamu ya kuhimiza wananchi kuweka akiba, mwaka 1938. Vita ilipozidi, mwaka 1944 alirudi Berlin kumuuguza mama yake, na alifanya kazi kidogo chini ya utawala ule kwa sababu hapakuwa na namna. Mwaka 1945 mabomu yaliiharibu negativu ya Achmed, yaani filamu asilia ya kutolea nakala.

Mwaka 1949 walihamia London, na hapo inaingia habari ambayo haisimuliwi vya kutosha, nayo inamhusu mtoto wa yule mwenye benki wa Potsdam. Aliitwa Louis Hagen kama baba yake. Alipokuwa mdogo alikuwa akipanda gerejini kuwatazama Achmed na mchawi wakizaliwa. Familia ilikuwa ya Kiyahudi. Akiwa kijana alitupwa katika kambi ya Wanazi ya Lichtenburg kwa sababu ya mzaha alioandika kwenye postikadi. Alitoka, akakimbilia Uingereza, akajiunga na jeshi, akashuka na ndege isiyo na injini katika mapigano ya Arnhem, Uholanzi, mwaka 1944, akapewa nishani. Vita ilipokwisha akaanzisha na Reiniger na Koch kampuni ya Primrose Productions. Baba alitoa filamu mbichi, mwana akawa mtayarishaji.

Kati ya 1953 na 1955 walitoa mfululizo wa filamu fupi za ngano kwa ajili ya televisheni: Aladini, Cinderella, Hansel na Gretel, Paka mwenye viatu, Thumbelina, Khalifa aliyegeuka korongo, na nyinginezo. Nyingi zina dakika kama kumi. Wakosoaji huzitaja kwa mstari mmoja kisha wakarudi kwa Achmed. Mimi naona wanakosea. Kutengeneza filamu ya kumshika mtoto wa miaka sita, bila kumtisha kupita kiasi wala kumdharau, kwa bajeti ndogo na tarehe ya mwisho ikikaribia, ni mtihani mwingine kabisa, na aliufaulu mara nyingi mfululizo. Ile ya fundi cherehani mdogo shujaa ilipata tuzo Venice mwaka 1955. Ile ya Jack na mharage ilipewa mandhari ya rangi huku wahusika wakibaki vivuli.

Koch alipofariki, Reiniger alikaa miaka mingi bila kutengeneza filamu. Aliandika kitabu cha kufundisha majumba na filamu za vivuli, kilichotoka mwaka 1970. Kisha Ujerumani ikamkumbuka, ikampa tuzo ya filamu mwaka 1972. Kanada ikamwalika, naye akatengeneza filamu huko akiwa kwenye miaka ya sabini ya umri wake. Alifariki tarehe 19 Juni 1981 huko Dettenhausen. Nakala moja ya Achmed iliyohifadhiwa Uingereza ndiyo iliyowezesha filamu kufanyiwa ukarabati na kurudishiwa rangi zake za asili mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukiitafuta, tafuta hiyo iliyokarabatiwa, yenye muziki wa Zeller.

Sasa darasa la nne. Usianze na Achmed. Anza na ngano za 1953 hadi 1955: Paka mwenye viatu, au Jack. Zina msimulizi wa Kiingereza. Zima sauti na usimulie mwenyewe kwa Kiswahili, au mpe mtoto mmoja asimulie, na utaona jinsi vivuli vinavyojieleza bila msaada. Cinderella ya mwaka 1922 ni kazi nzuri sana, na mwanzoni mikono ya Reiniger inaonekana ikimkata binti mwenyewe kwa mkasi, ila dada wa kambo anajikata mguu ili kiatu kimwenee. Itazame kwanza wewe.

Achmed iweke kwa wakubwa kidogo, darasa la sita au la saba, kwa vipande. Pari Banu anaoga, kuna mabusu. Na kuna jambo la kuzungumza nao wazi: mwovu wa filamu anaitwa Mchawi wa Kiafrika, na watu wa China wamekatwa kwa mikao ya kukejeli. Ndivyo Ulaya ya 1926 ilivyotuchora. Mchawi huyo amekatwa kwa ustadi kuliko mhusika mwingine yeyote, na vidole vyake virefu havisahauliki, lakini jina alilopewa, mtoto wetu atalisikia na atauliza. Jibu lisikukwepe. Waonyeshe pia kwamba anayeokoa kila mtu ni yule bibi mchawi mwenye sura ya kutisha kuliko wote.

Baada ya kutazama, wafanye wenyewe. Kioo cha dirisha kikalie madawati mawili, kando zake zikiwa zimezungushiwa utepe wa gundi ili kisikate mtu. Chini weka balbu, juu tandaza karatasi nyembamba nyeupe. Simu ifungwe imara juu ikitazama chini, kwa programu yoyote ya bure ya kupiga picha moja moja. Vikaragosi vikatwe kwenye boksi la viatu. Huna haja ya rangi nyeusi, mwanga wa chini utavigeuza vivuli vyenyewe. Viungo viwe vya uzi wenye fundo pande zote mbili, visikaze wala visilegee. Picha 12 kwa sekunde zinatosha kwa kuanzia, kwa hiyo filamu ya sekunde kumi ni picha 120, kazi ya vipindi viwili kwa kundi la watoto wanne. Wape mtihani mmoja tu: kikaragosi kipokee habari mbaya na darasa zima litambue, bila neno hata moja. Wataanza kwa kukipungisha mikono ovyo. Waambie wajaribu tena kwa kusogeza shingo peke yake.